Swali Nililomuuliza Mfiwa

Nilimuuliza mama aliyefiwa na mtoto wa miezi mitatu kama hakumlalia. Nilimuuliza mbele ya watu, maiti ya mtoto ikiwa mikononi mwangu, na kila aliyekuwapo alinijua kuwa ndiye nesi. Kabla sijafungua kinywa nilikuwa najua kwamba mtoto yule alilazwa kifudifudi, kwa sababu mimi ndiye niliyewafundisha akina mama wa mtaa ule kulaza watoto hivyo. Nilikuwa najua pia kwamba mafunzo yale hayafai tena, maana nilishaambiwa. Nataka niyaeleze haya yote bila kujipunguzia.

Nilisomea uuguzi na ukunga mwishoni mwa miaka ya 1980, nikapangiwa zahanati moja mkoani Tanga, na kazi yangu karibu yote nimeifanya huko. Chuoni tulifundishwa kwamba mtoto akishanyonya awekwe begani mpaka abeue, kisha alazwe kifudifudi au kiubavu, ili akicheua maziwa yatoke nje yasimpalie. Hoja hiyo inaingia akilini upesi, maana hakuna mama asiyeogopa mtoto kupaliwa. Nikaenda nayo kliniki. Siku za kupima uzito nilisimama mbele ya mabenchi, nikamwomba mama mmoja mtoto wake, nikaonyesha juu ya meza: tumbo chini, kichwa upande, kitenge kilichokunjwa chini ya kifua. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akiwalaza wajukuu zake chali, juu ya mkeka, kando yake mwenyewe. Nilimkosoa. Nilimwambia, "Bibi, ukimlaza hivyo atapaliwa." Akanyamaza, kwa sababu mimi ndiye niliyesoma.

Nilichokuwa nafundisha kilitoka mbali. Daktari wa Marekani, Benjamin Spock, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa karibu dunia nzima, alianza kushauri kifudifudi katika toleo la mwaka 1958, kwa hoja hiyohiyo ya kupaliwa. Hospitali zikafuata, na vitabu vya kufundishia wauguzi vikafuata hospitali. Uholanzi ushauri huo ulienea miaka ya 1970, na vifo vya ghafla vya watoto wachanga vikapanda: mtoto analazwa mzima, baadaye anakutwa amekufa, na hata akichunguzwa sababu haionekani. Mwaka 1987 madaktari wa huko wakaanza kuwaambia wazazi waache. New Zealand walifanya utafiti mkubwa kati ya 1987 na 1990, na waliyoyaona, pamoja na ya Peter Fleming na wenzake mjini Bristol, yalionyesha kitu kilekile. Mtangazaji wa televisheni wa Uingereza, Anne Diamond, alifiwa na mwanawe Sebastian mwezi Julai 1991. Aliposikia kwamba New Zealand tayari wanawaonya wazazi, na kwao bado, alisimama mbele ya kamera na kudai akina mama waambiwe. Kampeni ya kulaza watoto chali ilianza Uingereza Desemba mwaka uleule, na ndani ya miaka michache vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu. Hapakuwa na chanjo wala mashine mpya. Watoto waligeuzwa tu.

Mwaka 2005 Ruth Gilbert na wenzake wa London walirudi kwenye tafiti za zamani, wakaona kwamba kufikia 1970 ushahidi wa kutosha ulishakuwapo, ila hakuna aliyeukusanya na kuusoma pamoja. Walikadiria kwamba kama ungesomwa mapema, watoto zaidi ya 10,000 wa Uingereza, na wasiopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand, huenda wasingekufa. Nilipoisoma hesabu hiyo nilitamani kujificha ndani yake. Kama wakubwa wa taaluma walikosea kiasi hicho, nesi wa zahanati ya Tanga ni nani? Lakini wao, walipojua, wengi waligeuka. Mimi nilijua na sikugeuka.

Niliambiwa kwenye semina. Mkufunzi alichora ubaoni shingo ya mtoto, njia ya hewa kwa chaki moja na umio kwa nyingine. Akatuonyesha kwamba mtoto akilala chali njia ya hewa huwa juu na umio chini yake, kwa hiyo maziwa yanayorudi lazima yapande ndipo yaingie penye hewa. Ukimgeuza kifudifudi, umio ndio unakuwa juu, na kinachorudi kinateremkia penye hewa. Yaani hofu yetu ya kupaliwa ilikuwa imetuelekeza upande usio sahihi. Akaeleza na mengine: kwamba mtoto aliyelala juu ya tumbo huvuta tena hewa aliyoitoa mwenyewe ikiwa uso umezama kwenye nguo, kwamba mwili wake hupata joto kupita kiasi, na kwamba usingizi wake huwa mzito mno kiasi cha kutozinduka hewa inapopungua. Boston huko, Hannah Kinney na wenzake wamekuta kasoro katika shina la ubongo la watoto wengi waliokufa namna hii, sehemu ileile inayomwamsha mtu hewa inapokuwa chafu. Mtoto mwenye kasoro hiyo haonyeshi dalili yoyote ya nje. Ananyonya, anacheka, anaongezeka uzito. Kulala kiubavu nako, alisema, hakufai, maana mtoto hujiviringisha akaishia kifudifudi.

Nilielewa kila neno. Niliandika kwenye daftari, na daftari hilo ninalo mpaka leo. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya mabenchi, nikawaona akina mama niliowafundisha mtoto wa kwanza, wa pili na wa tatu, nikaona aibu. Kuwaambia kwamba nesi aliwadanganya, hata kama bila kukusudia, niliona kutanishushia heshima ambayo kazi yangu yote iliitegemea. Nikajiambia nitaanza na wajawazito wapya, polepole. Kisha nikaona wapya nao ni wadogo na binamu za wale wa zamani, watakwenda kuulizana nyumbani. Nikaiacha mada ya kulaza mtoto. Sikufundisha tena kifudifudi na sikufundisha chali. Nilizungumzia chanjo, maziwa ya mama na chandarua, mambo ambayo hakuna ambaye angeniuliza kwa nini nimebadilika.

Mtoto yule alizaliwa katika kipindi hicho cha ukimya wangu. Mama yake alikuwa binti mdogo, uzao wake wa kwanza, na alikuwa amejifunza kwa wifi yake, ambaye alijifunza kwangu.

Waliniita baada ya swala ya alfajiri. Nilipofika mtoto alikuwa amekwisha kupoa. Nilimgeuza, nikaona damu imejikusanya usoni na kifuani, alama ya mwili uliolala juu ya tumbo baada ya kufa. Kwenye godoro palikuwa na kitenge kilichokunjwa mara nne, pale kifua kilipokuwa. Nilikitambua kile kitenge. Namna ya kukikunja ilikuwa yangu. Binti akaanza kueleza, sauti imemkauka: "Nilimnyonyesha, akabeua, nikamlaza kama wewe nesi ulivyo..." Hapo ndipo nilipomkatiza. Nikasema, "Hukumlalia?"

Nimejiuliza sana swali lile lilitoka wapi. Ningeweza kusema ni mazoea ya kazi, kwamba nesi lazima aulize. Si kweli. Sentensi yake ilikuwa inakuja kwangu, na mimi niliigeuza irudi kwake. Ndiyo sababu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia, na kwa kuwa nesi ndiye aliyeuliza, halikusikika kama swali.

Mtoto alizikwa adhuhuri. Kabla ya alasiri mtaa mzima ulishajua kwamba alilaliwa na mama yake. Wengine waliongeza kwamba binti ana usingizi kama gogo, wengine kwamba alikuwa amechoka kwa sababu ya kushinda kwenye simu. Katika matanga alikaa pembeni ya mkeka. Siku ya pili maziwa yalimjaa, kifua kikawa kigumu na cha moto, na kanga yake ikalowa mbele za watu. Hakuna aliyemwambia la kufanya. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia: kwamba akamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, aweke kitambaa cha maji ya baridi, avae sidiria inayoshika vizuri, asikamue mpaka yaishe kwa sababu yatazidi kuja, na akipata homa aje haraka. Nilikuwa nimekaa mikeka miwili kutoka kwake. Niliona kanga ikilowa nikaangalia pengine, kwa sababu nisingeweza kumkaribia bila kumtazama machoni. Miezi michache baadaye alirudishwa kwao, upande wa Pangani.

Kitu ambacho ningepaswa kukisema siku ile, na ambacho nesi yeyote anaweza kukisema bila kuwa na shahada, ni kwamba hatujui. Mtoto hakupasuliwa, na chumba kile hakuna aliyekichunguza. Kwetu mtoto mchanga huzikwa siku ileile, na watoto wetu hufa kwa malaria, kwa nimonia, kwa maambukizi ya damu yanayoenda kasi kuliko dalili zake. Hata pale ambapo upasuaji wa maiti hufanyika, daktari mara nyingi hawezi kutofautisha kwa mwili peke yake kati ya kifo cha ghafla kisicho na sababu na mtoto aliyezibwa pumzi na nguo laini au mwili wa mtu, kwa kuwa vyote viwili vinaweza visiache alama. Mimi niliyetumia dakika mbili chumbani nilitoa hukumu.

Najua hukumu ya namna hiyo inavyoweza kwenda mbali, hata penye mahakama na maprofesa. Uingereza, wakili mmoja aitwaye Sally Clark alifiwa na watoto wawili wa kiume, mmoja Desemba 1996, mwingine Januari 1998, wote wakiwa na umri wa wiki chache. Mwaka 1999 alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuwaua. Daktari bingwa wa watoto, Roy Meadow, aliieleza mahakama kwamba uwezekano wa vifo viwili vya namna hiyo katika familia kama ile ni mmoja katika milioni 73. Alichukua uwezekano wa kifo kimoja akauzidisha kwa wenyewe, kana kwamba ndugu wa tumbo moja hawachangii chochote, si damu wala nyumba. Chama cha wanatakwimu cha Uingereza kilipinga hadharani hesabu hiyo. Baadaye ikagundulika kwamba majibu ya maabara kuhusu mtoto wa pili, yaliyoonyesha bakteria, hayakuwahi kupewa upande wa utetezi. Aliachiwa Januari 2003. Alifariki Machi 2007, akiwa na miaka 42. Mwaka 2004 kamati iliyoongozwa na Helena Kennedy ilitoa utaratibu wa namna ya kushughulikia vifo hivi: achunguze mtu aliyefunzwa, familia ielezwe kila hatua, na wazazi waheshimiwe kama wafiwa. Uchunguzi na huruma vinaweza kukaa chumba kimoja. Mimi sikuwa na hata kimoja kati ya hivyo.

Nilichelewa sana kumtafuta yule binti. Nilipompata alikuwa ameolewa tena na ana mtoto wa kike anayetambaa. Alinikaribisha vizuri kuliko nilivyostahili. "Shikamoo, mama nesi." Nikaitikia, nikakaa, nikamwambia yote: semina, daftari, kitenge, na kwa nini nilimkatiza maneno siku ile. Hakulia. Aliinuka akaleta kadi ya kliniki ya yule mtoto wa kwanza, ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mstari wa uzito niliuchora mimi, unapanda vizuri kabisa, halafu unakoma. Alisema kadi ndiyo pekee aliyobaki nayo, kwa sababu nguo za mtoto ziligawiwa siku ya mazishi kabla hajaulizwa.

Kisha akauliza alichokuwa anataka kuuliza miaka yote. "Sasa niambie kweli. Nilimuua mwanangu?"

Nilimjibu kwamba sijui kilichomuua mwanawe, na kwamba hakuna mtu duniani anayejua. Kulala kifudifudi huongeza hatari, lakini watoto wengi sana waliolazwa hivyo walikua, wakiwemo wa kwangu. Alifanya alichoambiwa na mtu aliyepaswa kujua. Kama kuna wa kulaumiwa kwa namna alivyolazwa, ni mimi. Akakaa kimya kitambo, kisha akaanza kuzungumza juu ya mtoto, alivyokuwa akipenda kushika sikio lake anaponyonya. Aliniambia kwamba katika miaka yote ile watu walimwambia "Mungu atakupa mwingine" na "ni malaika, usimlilie," na kwamba hakuna hata mmoja aliyemtaja kwa jina. Mume wake wa wakati ule, alisema, alikwenda baharini siku ya tatu, na hakuna aliyemuuliza yeye naye anajisikiaje. Huyu mtoto wa pili alipozaliwa, binti mwenyewe hakulala. Aliweka kidole chini ya pua ya mtoto usiku kucha, miezi na miezi. Uingereza kuna mpango wa kuisindikiza familia kama hiyo inapopata mtoto mwingine: mhudumu wa afya anapita nyumbani mara kwa mara, anapima uzito, anasikiliza hofu. Hapa angalau ningeweza kwenda mimi, kama ningekuwa najulikana kwa wema.

Tangu nilipotoka Pangani nafundisha kulaza mtoto kila siku ya kliniki, na naanza kwa kusema kwamba zamani nilifundisha kinyume na kwamba nilikosea. Hakuna heshima iliyoporomoka. Akina mama huuliza maswali mengi zaidi kuliko zamani. Mtoto alale chali, usingizi wa mchana na wa usiku, mpaka atimize mwaka. Akishaweza kujigeuza mwenyewe huku na huku, mwache alale atakavyo, ila wewe umlaze chali. Godoro liwe gumu, bila mto. Kanga au shuka iishie kifuani, kichwa kiwe wazi. Hili la kumfunika mtoto gubigubi kwa kuogopa upepo au jicho la watu nalisema mara mbili, kwa sababu Tanga kuna joto na mtoto hutoa joto kwa kichwa. Asikae kwenye moshi wa sigara, wala mama asivute akiwa mjamzito. Utafiti mkubwa uliofanyika Cape Town na katika majimbo ya kaskazini ya kati ya Marekani, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba mjamzito anayevuta na kunywa pombe vyote viwili hata baada ya miezi mitatu ya kwanza humwongezea mtoto hatari ya kifo hiki karibu mara 12. Maziwa ya mama yanamkinga.

Sisemi mtoto alale chumba kingine. Chandarua ni kimoja, kitanda ni kimoja, na mtoto anayenyonya usiku anatakiwa awe karibu. Nasema hivi: usilale naye kitandani kama umekunywa, kama wewe au baba yake mnavuta, kama umemeza piritoni au dawa nyingine ya kuleta usingizi, au kama mtoto alizaliwa njiti au mdogo sana. Na usisinzie naye kwenye kochi hata siku moja, huko ndiko hatari iliko kubwa kuliko kote. New Zealand, Wamaori walisuka kikapu cha majani wanachokiita wahakura, mtoto analala ndani yake akiwa katikati ya wazazi, ana nafasi yake mwenyewe. Nilipoona picha yake niliwafikiria wanawake wetu wa Tanga wanaosuka ukili toka utotoni. Sijapata mfadhili wala daktari wa kunisaidia kulipima wazo hilo, lakini bado ninalo.

Na panapotokea msiba kama ule nakwenda kabla ya wengine, nakaa karibu na mama, nauliza jina la mtoto. Nazungumzia maziwa. Nawaomba wanawake wasiguse nguo mpaka mama mwenyewe aseme. Maswali ya uchunguzi nayauliza faragha, nikishaeleza kwa nini nayauliza.

Yule binti alikuwa na ombi moja: kwamba niyaseme yale niliyomwambia mbele ya aliyekuwa mama mkwe wake, kwa kuwa mbele yake ndipo nilipouliza. Nilikwenda. Bi mkubwa sasa haoni vizuri, lakini masikio yake ni mazima. Nilimsimulia kama nilivyosimulia hapa, wifi mtu akiwepo. Alinisikiliza mpaka mwisho, tasbihi mkononi, kisha akasema, "Mimi nilimtoa mke wa mwanangu kwa neno lako." Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungesema siku ileile." Nikasema ndiyo tena, sikuwa na jingine.

Aliniomba namba ya simu ya binti ili amtake radhi. Nilimwambia nitamuuliza kwanza mwenyewe. Nilipopiga, binti alisema bado, nisiitoe. Sijaitoa.